Gusa Gole Kabla Hujalala

Vifaranga wamefika alasiri na sasa wanazunguka bandani. Usidanganyike ukiona kila mmoja anadonoa. Wengine wanadonoa pumba za sakafuni tu.

Jioni hiyo nawa mikono, kisha chukua vifaranga 20 kutoka pembe tofauti za banda. Shika mmoja mmoja, uguse gole lake kwa vidole viwili, taratibu. Gole ni kile kifuko kilicho chini ya shingo, pale kifua kinapoanzia.

Likiwa limejaa na ni laini kama uji mzito, amekula na kunywa. Likiwa gumu na unasikia punje ndani, amekula lakini maji hajayapata: nenda kakague vyombo vya maji. Likiwa teketeke, amekunywa tu. Likiwa tupu, huyo bado hajaanza.

Ukigusa baada ya saa mbili tangu uwaingize bandani, wenye kitu goleni wawe 15 kati ya 20. Ukirudia kesho yake, saa 24 zikiwa zimetimia, wawe 19 au wote. Wakipungua hapo, kuna kitu bandani kinawazuia kula, na ni kazi yako kukitafuta usiku huohuo.

Haraka ya nini? Kifaranga huanguliwa akiwa na akiba ya kiini tumboni. Inaweza kumvusha siku mbili hadi tatu, ndiyo maana anasafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam mpaka Tabora akafika hai. Lakini utumbo wake hukua vizuri chakula kinapopita ndani yake, na hata kile kiini hutumika upesi zaidi akianza kula. Siku uliyoipoteza mwanzoni utailipa wakati wa kuuza.

Sasa kuhusu hamu yenyewe. Inaendeshwa na homoni zilizomo mwilini mwake, si za dukani. Kifaranga akipata baridi au hofu, ubongo hutoa homoni ya mfadhaiko iitwayo CRH, nayo hukata hamu ya kula. Na usimpimie kwa mwili wako: ghrelini, homoni inayoamsha njaa kwa binadamu, kwa kifaranga huizima. Watafiti wa Japani walilionyesha hilo mwaka 2001. Kwa hiyo kabla hujanunua chupa ya dawa ya hamu, rekebisha banda. (Na ukiulizwa kama broila wako wanachomwa homoni ili wakue, jibu bila kusita: hapana. Ukuaji ule unatokana na mbegu iliyochaguliwa kwa vizazi vingi, chakula na matunzo.)

Anza na joto. Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Washa jiko au balbu siku moja kabla vifaranga hawajafika, ili pumba zenyewe zipate moto, si hewa tu. Wiki ya kwanza, themomita iliyowekwa usawa wa mgongo wa kifaranga isome nyuzi 32 hadi 34. Baada ya hapo punguza nyuzi 2 au 3 kila wiki.

Huna themomita? Mchukue kifaranga, uguse shavu lako kwa nyayo zake. Zikiwa za baridi, huyo hatakula, hata umwekee chakula cha bei gani.

Kisha watazame walivyokaa. Wamerundikana chini ya taa: baridi. Wamekimbilia ukingoni, midomo wazi: joto limezidi. Wote wamejazana upande mmoja: kuna upepo unaingia, tafuta tundu. Wametawanyika, wengine wanakula, wengine wamelala: acha hivyohivyo.

Njombe mwezi wa saba, saa ya hatari ni alfajiri, mkaa unapoisha na wewe umelala. Amka. Dar es Salaam mwezi wa kwanza ni kinyume chake: saa saba mchana huenda ukalazimika kuzima kabisa. Na ukitumia mkaa, acha sehemu ya juu wazi hewa ipite. Hewa chafu ya mkaa inaua vifaranga, na inaweza kukuua na wewe.

Maji yawe ya uvuguvugu, si ya kutoka kwenye friji wala yaliyochemka juani. Waliotoka safari ndefu wachovye midomo majini unapowatoa kwenye boksi. Wakishajua maji yako wapi, wengine wataiga. Glukosi wape saa chache za mwanzo, basi. Ukiendelea nayo siku nzima unawashibisha sukari badala ya chakula.

Chakula cha stata usikifungie kwenye chombo kirefu siku ya kwanza. Tandika karatasi juu ya pumba, karibu na maji, umwagie chakula kidogo. Mlio wa punje kwenye karatasi unawaita. Halafu gongagonga kwa ncha ya kidole kama mama yao anavyodonoa. Utawaona wanakuja mbio. Vifaranga wa kienyeji wana mama wa kuwaonyesha. Hawa wako wana wewe.

Weka kidogo, mara nyingi. Kila ukiongeza, wanaamka na kurudi kula. Karatasi ziondoe siku ya tatu au ya nne, wakishazoea vyombo. Chakula kinachonuka uvundo au chenye ukungu kitupe mbali. Sumukuvu hupunguza hamu na kuharibu ini, na kukianika juani hakuiondoi.

Mwanga uwe mkali na wa kutosha siku tatu za kwanza, saa 23 kwa siku, pamoja na saa moja ya giza ili wazoee, na umeme ukikatika usiku wasirukiane kwa woga. Baadaye ongeza giza polepole mpaka saa 4 hadi 6. Zima taa saa ileile kila siku. Gizani mwili hutengeneza homoni ya melatonini, wanapumzika, na baada ya siku chache wanajifunza kujaza gole kabla giza halijaingia.

Punguza pia vishindo. Mtu mmoja awahudumie, aingie polepole, agonge mlango kwanza. Siku ya chanjo tarajia wale kidogo, kwa hiyo usiipange siku moja na kubadili chakula au kuwahamisha.

Siku ya saba pima uzito. Broila aliyeingia na gramu 40 awe amefika gramu 160 au zaidi. Vifaranga wa aina ya Sasso na Kuroiler hawaendi kasi hiyo, usiwalinganishe. Waliobaki wadogo watenge kwenye kona yao yenye joto zaidi, uwarudishie karatasi ya chakula na maji ya karibu. Wakiwa wamejikunyata, mabawa yameshuka, au kinyesi kina damu, hapo si suala la hamu tena. Mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo, na umwonyeshe daftari la uzito na la joto.