Kwa Nini Meli Kubwa Huvutwa na Boti Ndogo?

Meli ikiingia bandari ya Kilindini, feri za Likoni husubiri ipite. Watoto huitazama, na maswali huanza papo hapo. Haya ni baadhi ya maswali ambayo wazazi na walimu wa madarasa ya chini wameniletea.

*Mwalimu, mwanangu wa darasa la kwanza aliniuliza kwa nini meli kubwa vile inavutwa na boti ndogo. Nimjibu nini?*

Mama, mweleze sababu yenyewe. Vitabu vingi vya watoto husema tu kwamba tagi, yaani hiyo boti ndogo, ina nguvu, vikaishia hapo, na mtoto hubaki na swali lake. Mwambie hivi: usukani hugeuza meli kwa kusukumwa na maji yanayoupita. Meli ikienda polepole, maji hayo hulegea na usukani haushiki. Tena meli haina breki kama ya gari. Hata injini ikizimwa itaendelea kuteleza. Nahodha hawezi kuongeza mwendo ili usukani ushike, maana gati liko mbele yake. Na upepo nao unausukuma ukuta wa makontena yaliyo juu ya meli kama unavyosukuma tanga. Mbele ya mambo hayo yote, ukubwa wa meli haufui dafu. Ndipo tagi zinapokuja: moja inavuta omo, yaani mbele ya meli, nyingine inazuia kutoka tezi, yaani nyuma, au zote zinasukuma ubavu taratibu mpaka meli ilale gatini.

*Maneno ya bandari si magumu kwa anayeanza kusoma?*

Hapana. Ta-gi, me-li, ka-mba, ga-ti, o-mo, te-zi: kila moja lina silabi mbili, na kila silabi inaishia kwa irabu. Mtoto anayejua kusoma “mama” hayamshindi. Ila usimchanganyie tagi na tishari. Tishari hubeba shehena, na aghalabu ndilo linalovutwa. Baadaye mpe neno refu, Kilindini, na umwonyeshe kwamba ndani yake limo “kilindi”, yaani maji yenye kina kirefu. Jina la bandari linamweleza kwa nini meli kubwa huja pale.

*Sisi tuko bara, wanafunzi wangu hawajaona bahari. Nifanyeje?*

Leta beseni kubwa la maji na dumu la lita 5 lililojazwa nusu. Mtoto alisukume kwa kidole kimoja: linakwenda, ingawa kwa uzito. Sasa alisimamishe kwa kidole hichohicho. Litapinda, litazunguka, pengine litagonga ukingo. Mwache ahangaike kidogo, usimsaidie haraka, kwani hapo ndipo somo lilipo. Kisha funga uzi mbele na mwingine nyuma, watoto wawili washike, na wa tatu apepee kwa kadibodi awe upepo. Wakishalifikisha dumu “gatini”, ndipo uandike ubaoni: *Vuta. Sukuma. Zuia.* Watayasoma kwa sauti, kwa sababu wameyafanya kwa mikono yao.

*Tagi inapata wapi nguvu zote hizo?*

Haibebi shehena, sehemu kubwa ya tumbo lake ni injini. Tagi nyingi za kisasa zina rafadha zinazogeuka pande zote, nyuzi 360, kwa hiyo huweza kwenda hata ubavu. Rubani wa bandari, akiwa juu ya meli, huziongoza kwa redio.

*Kuna kisa cha kweli cha kuwasimulia?*

Wasimulie Ever Given. Ni meli ya mita 400, kama viwanja vinne vya mpira vilivyopangwa mstari mmoja. Tarehe 23 Machi 2021 ilikwama katika Mfereji wa Suez, nchini Misri, ikaziba njia siku sita. Tagi zaidi ya 10 zilivuta na kusukuma, huku mitambo ikichimba mchanga uliomeza omo. Usiwaambie watoto kwamba tagi zilishinda peke yake. Tarehe 29 maji ya bamvua yaliiinua meli, tagi zikavuta, ikanasuka. Waulize maji yalijaa hivyo kwa nini. Mtoto wa mvuvi atakujibu kabla hujamaliza kuuliza: mwezi ulikuwa mpevu.