Ramadhani na Idi kwa anayepona maradhi ya ulaji

Daktari wetu anajibu maswali kuhusu anoreksia, yaani kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, na bulimia, yaani kula kwa pupa kisha kujitapisha.

Asalaam aleikum, daktari. Binti yangu wa miaka 19 anatibiwa anoreksia na uzito umeanza kurudi. Anataka kufunga. Nimruhusu?

Waaleikum salaam, mama. Asifunge mpaka daktari anayemtibu aridhie. Dawa yake ni kula kwa saa: milo mitatu na vitafunio katikati. Saumu huku pwani ni kama saa 13 bila hata maji. Kurani, sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku hizo baadaye. Mambo ya kadha na fidia mpelekeeni shehe, mkiwa na maelezo ya daktari.

Anasema ni kwa ajili ya Mungu tu. Tena futari yote anapika yeye.

Imani yake yaweza kuwa ya kweli, na ugonjwa ukajificha humo humo. Muulize: "Mwezi ukiisha umeongezeka kilo mbili, utaona saumu yako imeharibika?" Jibu lake litawaonyesha mengi.

Na huko kupika kusiwapumbaze. Anaweza kukaanga kaimati na kukoroga uji, kisha adhana ikilia akabaki jikoni akisugua sufuria. Njaa humfanya mtu asiwaze kingine ila chakula. Mwaka 1945 huko Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya walipunguziwa chakula miezi sita kwa ajili ya utafiti. Baadhi yao wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi. Sufuria aoshe mwingine, yeye akae mkekani ale nanyi.

Mimi ni kijana wa kiume, napona bulimia. Pilau la Idi kwa bibi linanitisha.

Usiende na njaa. Kunywa chai na vitafunio asubuhi kama kawaida, kwani kujinyima kutwa ndiko kunakoleta pupa jioni. Kwenye sinia ya pamoja ni vigumu kujua umekula kiasi gani, basi omba sahani yako. Ukimaliza, kaa na watu walau saa nzima. Ikitokea umetapika, sukutua kwa maji, usipige mswaki papo hapo, na mlo unaofuata usiuruke. Moyo ukienda mbio au kuruka mapigo, au ukizirai, nenda hospitali siku hiyo hiyo: huenda madini ya potasiamu yamepungua mwilini.

Na shangazi wanaosema "umenawiri!" mbele ya wageni?

Hawana nia mbaya, lakini anayepona husikia "umenenepa". Mzazi awapigie simu kabla ya sikukuu: msiuzungumzie mwili wake wala sahani yake, muulizeni masomo, kazi, marafiki. Neno likiwatoka, mgonjwa ajibu, "Alhamdulillahi, nipo salama. Na nyinyi huko, hamjambo?"