Tuitambue Yasmini kwa Macho

Wengi wetu tukisikia harufu tamu bustanini usiku husema, "Yasmini hiyo." Mimi sikubali ushahidi wa pua. Hapa Uganda, kama kwingineko, hupandwa mti mdogo uitwao Cestrum nocturnum, unaonukia sana gizani hata watu wakauita yasmini ya usiku. Kumbe ni jamaa ya nyanya na tumbaku, na matunda yake yana sumu. Apendaye kutia yasmini katika chai na ajihadhari!

Basi, chukueni ua, mpasue mrija wake kwa wembe, mhesabu stameni, yaani vijiti vyenye unga wa chavua. Yasmini ya kweli inazo mbili, kama jamaa yake mzeituni. Cestrum inazo tano. Petali msizitegemee, maana yasmini ya bustani huweza kuzirundika hata ikafanana na waridi dogo.

Kisha jani, na hapa ndipo wanafunzi hubishana. Je, haya ni majani matatu au ni jani moja lililogawanyika? Tafuteni jicho la kuchipua. Limo katika kwapa la jani zima. Kwenye kipande cha jani halipo. Mkilijua hilo, kazi imekuwa nyepesi. Vipande vitatu na maua meupe, huenda ni Jasminum fluminense, mmea wetu wa porini utambaao. (Jina lisiwadanganye: linahusu Rio de Janeiro, ambako mtaalamu Vellozo aliueleza, lakini asili yake ni Afrika.) Vipande vitano hata tisa, na wekundu nyuma ya petali, ni Jasminum grandiflorum. Majani yakipishana badala ya kuelekeana, na maua ni ya manjano, ni Jasminum humile wa Asia.

Jani lisilogawanyika lina mashaka zaidi, kwa kuwa wanalo zaidi ya mmoja, wakiwemo Jasminum sambac, ambao wanawake wa Unguja hutungia vikuba, na Jasminum dichotomum wa mwituni. Tazameni kikombe cha kijani kilichoshika ua. Cha sambac kina meno marefu, membamba kama nyuzi; cha dichotomum meno yake ni madogo mno, hayaonekani kwa urahisi, na machipukizi ya maua yake yana wekundu.

Kwa hiyo mkiniletea yasmini darasani, msilete ua peke yake. Nataka tawi, lenye majani na macho yake.