Ufahamu: Kompyuta Inapokagua Mchezo wa Sataranji

Soma makala ifuatayo, kisha jibu maswali yanayofuata.

Tarehe 27 Novemba 2006, mjini Bonn, Ujerumani, bingwa wa dunia wa sataranji, Vladimir Kramnik, alikuwa akishindana na programu ya kompyuta iitwayo Deep Fritz. Katika mchezo wa pili alimsogeza malkia wake bila wasiwasi. Kompyuta ikajibu kwa kumpeleka malkia wake kwenye mraba wa h7, na mfalme wa Kramnik akanaswa, hana pa kukimbilia. Bingwa hakuliona tishio la hatua moja tu! Ikiwa yeye aliteleza, wewe pia utateleza. Muhimu ni kulijua kosa lako ili usilirudie.

Ukimaliza mchezo, ingiza hatua zote katika programu ya uchambuzi kama Stockfish, inayopatikana bila malipo. Programu hiyo huipa kila hatua alama. Kwa kawaida kipimo chake ni thamani ya askari mmoja, yaani kete ya chini kuliko zote. Alama chanya huonyesha kuwa mweupe yuko mbele. Alama hasi, mweusi. Tuseme unacheza na kete nyeupe na alama ni +0.5. Unasogeza kete, mara alama zinakuwa -2.5. Hatua hiyo imekugharimu takriban askari watatu, sawa na farasi mzima. Hapo ndipo penye kosa.

Hata hivyo, usikimbilie kutazama hatua bora inayopendekezwa. Kompyuta hukuonyesha ulipokosea. Haikuelezi kwa nini hukuona. Rudi ubaoni ujiulize: Je, niliacha kete bila ulinzi? Je, mpinzani alishambulia kete zangu mbili kwa mpigo? Je, niliwaza hatua yangu nikasahau yake? Andika jibu lako kwanza, ndipo ulilinganishe na la kompyuta. Mtahiniwa anayesoma majibu ya mitihani iliyopita kabla ya kujaribu maswali hudhani amejua, kumbe chumba cha mtihani kitamuumbua.

Maswali

(a) Kramnik alifanya kosa gani?
(b) Alama zimetoka +1.0 hadi -4.0 baada ya hatua ya mweupe. Amepoteza takriban askari wangapi?
(c) Eleza maana ya: (i) kwa mpigo (ii) kitamuumbua.
(d) Fupisha aya ya mwisho kwa maneno yasiyozidi 30.