UTAKIMBILIA WAPI?

Kijana, tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko lilipiga chini ya bahari karibu na Sumatra, Indonesia. Mawimbi ya tsunami yakaua watu zaidi ya 220,000, hata Tanzania na Kenya wapo waliokufa.

Lakini kisiwani Simeulue, jirani kabisa na tetemeko, walikufa 7 tu kati ya watu wapata 78,000. Kwa nini? Wazee walikuwa wamewasimulia wimbi la mwaka 1907: nchi ikitikisika, bahari ikirudi nyuma, kimbia mlimani! Wakatii, wakapona.

Je, waliokufa walikuwa na dhambi kuliko wewe? Hapana! Soma Luka 13:1-5.

Leo onyo umelisikia. Usiseme, "Bado nipo nipo kwanza." Mlima wako ni Yesu. Kimbilia kwake sasa hivi!