Vyura Wakinyimwa Maji Yao: Tujifunze Kutoka Kihansi

Katika vikundi vyetu tumezungumza sana juu ya miti, mmomonyoko wa udongo na chemchemi. Juu ya vyura hatujawahi. Najua wengine watacheka. Lakini siku hizi silanga na madimbwi mengi yanafukiwa kupisha ploti, barabara na maduka, na tingatinga likishaingia kazi inakwisha kwa siku moja. Waliokuwa wakiishi majini hawana wa kuwasemea. Wahenga walisema makelele ya chura hayamzuii ng'ombe kunywa maji, na kweli hayajawahi kuzuia mkandarasi pia.

Chura ana kazi yake. Anakula wadudu usiku kucha, na viluwiluwi wake wanakula ule ukijani unaoota majini. Nyoka, korongo na ndege wengine wengi wanamtegemea yeye kwa chakula. Tena ngozi yake ni nyembamba, anapumua kwayo na kunywa maji kwayo, kwa hiyo sumu ikiingia majini yeye hupatikana kwanza. Dimbwi likinyamaza wakati wa mvua, ulizeni kuna nini.

Sasa swali letu: je, dimbwi likifukiwa, tunaweza kuwahamisha vyura tukawapeleka kwingine? Jibu ni kwamba yawezekana, ila ni kazi ngumu kuliko watu wanavyofikiri. Mfano mkubwa tulio nao uko kwa jirani zetu Tanzania.

Katika milima ya Udzungwa kuna mto uitwao Kihansi, unaoanguka kwa maporomoko makubwa ndani ya korongo. Maji yakianguka yalikuwa yakirusha manyunyu usiku na mchana, na mahali palipolowa manyunyu hayo, kama hekta 2 hivi tu, paliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Ukubwa wake ni kama ukucha wa kidole gumba. Hatagi mayai majini kama wengine. Jike huzaa watoto wakiwa vyura kamili, wadogo sana. Wataalamu walimgundua mwaka 1996. Wakati huo ujenzi wa bwawa la umeme juu ya maporomoko ulikuwa umekwisha kuanza, kwa mkopo wa Benki ya Dunia na misaada ya nchi nyingine.

Tusiwe wepesi wa kulaumu hapa. Mtambo wa Kihansi unatoa megawati 180, na nchi ilikuwa na shida kubwa ya umeme. Hospitali inahitaji umeme, shule inahitaji umeme. Lakini maji yalipoelekezwa kwenye mtambo mwaka 2000, sehemu kubwa sana ya mto iliacha kupita katika maporomoko, na manyunyu yakakatika. Ndipo mbio zikaanza. Mwishoni mwa mwaka huo vyura 499 walikamatwa na kusafirishwa kwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Huku nyuma korongoni yakawekwa mabomba ya kunyunyiza maji, kuiga kazi ya maporomoko.

Mabomba yalisaidia. Kufikia katikati ya mwaka 2003 vyura walihesabiwa kuwa karibu 20,000. Halafu kwa miezi michache tu wakaisha. Waliookotwa wamekufa walikutwa na ugonjwa wa ukungu wa ngozi, ule ambao umeua vyura katika nchi nyingi duniani. Mwaka 2004 ndio wa mwisho kuonekana kwa hakika, na mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliobaki ni wale wa Marekani peke yao, nao walikuwa wamepona kwa shida, kwa maana wengi walikufa kabla watunzaji hawajaelewa wanahitaji mwanga gani, unyevu gani, na wadudu wadogo kiasi gani. Mwezi wa Agosti 2010 vyura 100 walirudishwa Tanzania, wakawekwa katika nyumba maalumu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni kwao. Tangu hapo wamepelekwa maelfu. Kumrudisha ni kazi ya miaka na miaka, na gharama yake si ya kikundi cha kijiji.

Mambo mawili tuyashike hapo. Kwanza, uchunguzi ulichelewa: aliyekuwa akiishi pale alijulikana baada ya kazi kuanza. Pili, kilichowamaliza si ukavu peke yake. Ugonjwa unabebwa na maji na matope, hata kwenye soli ya gamubuti. Ukungu huu haumdhuru binadamu, lakini umepatikana hata hapa Kenya. Ndiyo maana kuchota vyura katika ndoo na kuwamwaga dimbwi la mbali, ati tumewaokoa, kunaweza kuua wa pale pia.

Basi kikundi kikisikia dimbwi lao litafukiwa kifanye nini? Kabla ya ndoo, kitafute karatasi. Sheria yetu ya mazingira ya mwaka 1999 inataka miradi ya aina nyingi ichunguzwe kimazingira kabla ya kuanza, na NEMA hupokea maoni ya wananchi. Andikeni maoni yenu, mtaje dimbwi na vyura, mpeleke mapema. Mara nyingi ramani yaweza kusogezwa kidogo, dimbwi likabaki pembeni mwa uwanja, hata likasaidia kupokea maji ya mvua. Hilo ni bora kuliko uhamisho wowote. Na vyura ni wanyamapori kama ndovu alivyo mnyamapori, kwa hiyo msianze kukamata kabla ya kuuliza KWS kuhusu kibali. Katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi, kuna wataalamu wa vyura na nyoka. Waulizeni, wao hufurahi kuulizwa.

Ikiwa hakuna njia nyingine, makao mapya yatangulie. Sisi tunaofanya kazi na familia zilizohamishwa tunajua maana ya kupelekwa mahali pasipo na maji wala kivuli, kisha ukaambiwa umesaidiwa. Dimbwi jipya lichimbwe bonde lile lile, lisiwe mbali, likae walau msimu mmoja wa mvua nyasi ziote. Kingo ziteremke polepole ili vyura wachanga waweze kupanda nje. Msitie samaki humo, maana samaki watakula mayai na viluwiluwi vyote. Lisiwe chini ya shamba linalopigwa dawa.

Wakati wa kuhama nao una siri yake. Viluwiluwi wakiwa wamejaa, ngojeni wageuke vyura. Mkingoja kiangazi kikali mtadhani dimbwi ni tupu, kumbe wengine wamejizika ndani ya udongo, na tingatinga litawapondea humo humo. Angalieni pia juu ya matawi yanayoning'inia juu ya maji. Lile povu jeupe kama la sabuni ni kiota cha chura wa mtini, na watoto wake hudondoka majini wenyewe.

Uingereza, ambako kuna mnyama wa jamii ya chura mwenye mkia anayelindwa na sheria tangu 1981, huzungushia dimbwi ua mfupi wa plastiki uliozikwa kidogo chini, na kando yake hufukia ndoo hadi mdomo ulingane na ardhi. Mnyama akitembea usiku hugonga ua, huufuata, hutumbukia. Ndoo hukaguliwa kila asubuhi kabla ya jua kali. Hiyo hata sisi tunaiweza.

Mikono iwe na maji safi, bila sabuni wala mafuta. Wakubwa wabebwe na majani mabichi na maji kidogo tu, viluwiluwi wabebwe katika maji mengi ya dimbwi lao, na chura mkubwa asichanganywe na wadogo, atawala njiani. Waachilieni jioni. Viatu na ndoo visuguliwe tope lote na kuanikwa juani vikauke kabisa kabla ya kwenda dimbwi jingine. Msishangae mkiwaona wengine wanarudi kule walikozaliwa. Chura ana kwao. Ua ule wa plastiki usiondolewe haraka.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Ni madimbwi mangapi mnayoyakumbuka ambayo hayapo tena, na ni nani aliyekuwa akiyatumia? Ni yupi kati yenu anayeweza kutofautisha milio ya vyura wa kwenu? (Waulizeni watoto wanaochunga ng'ombe.) Mvua zijazo, watu wawili wasikilize usiku mmoja kando ya kila dimbwi, waandike daftarini tarehe, mahali na milio mingapi tofauti waliyosikia. Daftari hilo mtalihitaji siku ya kuandika maoni.