Homa baada ya kupandikizwa figo

Swali: Daktari, mume wangu alipandikizwa figo miezi miwili iliyopita. Tangu jana ana homa na anatetemeka. Tumpe Panadol tusubiri?

Jibu: Msisubiri, dada yangu. Mpelekeni hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku. Dawa zinazozuia mwili kuikataa figo hupunguza kinga, na bakteria wa njia ya mkojo, wanaowasumbua sana waliopandikizwa, wanaweza kuingia kwenye damu upesi. Prednisoloni, mojawapo ya dawa hizo, nayo huficha homa, kwa hiyo nyuzi joto 38 kwake si jambo dogo. Atapimwa damu na mkojo, kisha ataanzishiwa antibiotiki ya mshipa. Antibiotiki za dukani msimpe: erithromaisini, kwa mfano, hupandisha kiwango cha takrolimasi, dawa nyingine ya kuzuia figo kukataliwa, mwilini hadi kuidhuru figo. Wala asiache dawa zake bila kuambiwa na daktari. Bebeni pakiti zake zote.